Goti la Kioo

SEHEMU YA TISA

"Huyu kijana amekwisha."

Hapo ndipo nilipowaacha wiki iliyopita, na wengine wenu mmenikasirikia. Msomaji mmoja ameniandikia kwamba alishindwa kula. Na mimi je, niliyeyaandika maneno hayo, mnadhani nilishiba?

Haya, turudi pale pale. Maneno aliyasema Kocha, akiwa upande wa pili wa ukuta wa mbao, kwenye chumba cha kamati ya klabu. Upande huu wa ukuta, juu ya kitanda cha matibabu, alikuwa amelala yule yule aliyekuwa akisemwa, mguu wa kushoto umeinuliwa juu ya mto na barafu imefungwa kwenye goti.

Kioo alisikia kila kitu. Zamani vyumba vile vilikuwa stoo moja, ikaja ikagawanywa na fundi aliyekuwa na haraka zake. Ukipiga chafya upande huu, wa upande ule wanakupa pole.

Tena Kocha si mtu baki. Ni mjomba wake, kaka wa mama yake tumbo moja, ndiye aliyemshikisha gongo la kwanza la hoki akiwa bado anavaa kaptula za shule. Mtu baki akikwambia umekwisha, unamjibu. Mjomba akisema hivyo, unajibu nini?

Waliokosa toleo lililopita kwa sababu waliazimisha gazeti likaishia kufungia sabuni, nawapa kwa ufupi. Jumamosi ni mechi ya mwisho ya msimu, na wateuzi wa timu ya taifa wanakuja kutazama. Kioo ana miaka ishirini na moja. Hakuna kijana mwenye kipaji kumzidi katika klabu ile, na hakuna aliyeumia kumzidi. Mashabiki walimpa jina hilo kwa sababu aling'aa. Siku hizi wanalitamka huku wakitikisa vichwa.

Kamati imekaa mchana huu kuamua abaki au aachwe. Akiachwa leo, wateuzi hawatamwona Jumamosi, na sidhani kama watamwona tena.

Na kuna siri. Asubuhi hii hii, Dada Bandeji, mama wa makamo anayetibu viungo vya wachezaji, amemwambia Kioo jambo ambalo hakuna mwingine anayelijua. Ile nyama laini inayozuia mfupa usisage mfupa ndani ya goti imelika karibu yote. Akigeuka kwa kasi juu ya mguu ule mara moja tu zaidi, huenda asitembee sawasawa maisha yake yote. Kioo amemwapisha asimwambie mtu mpaka atakaposema mwenyewe.

Sasa tuko pamoja. Tuendelee.

Dada Bandeji alinyoosha mkono akafungua bomba la sinki. Maji yakaanza kupiga kelele.

"Funga, Dada."

"Nanawa mikono."

"Umeshanawa. Funga bwana, nataka kusikia."

"Wamenituma nikae na wewe humu ili usisikie."

"Basi wangejenga ukuta."

Alifunga bomba. Angefanya nini? Akavuta kiti, akakaa, akaushika mguu wa Kioo kwa mikono miwili kana kwamba ungetoroka.

Upande wa pili, Mwenyekiti alikuwa ameshika zamu. Mwenyekiti anauza samani, na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kumwomba mteja akae kwanza kwenye kochi ndipo waongee.

"Kwisha ni neno zito, Kocha. Mmesahau lile bao? Kijana ana miaka kumi na sita, mpira unamjia kwa nyuma, mabeki wawili wamemkalia kooni. Akageuka kufumba na kufumbua, akaupiga kwa ukingo wa gongo. Kipa bado anauliza mpira uko wapi, sisi tunakumbatiana!"

"Hatujasahau." Huyo alikuwa Nahodha Mstaafu, mjumbe wa kamati mwenye ulimi wa wembe. "Ndiyo tatizo lenyewe. Tunalitazama bao lile kama mjane anavyotazama picha ya harusi."

"Hakufunga moja, bwana."

"Haya, alifunga mengi. Kati ya bao na bao alikuwa wapi? Hospitali! Msimu wa kwanza kifundo. Uliofuata nyonga. Halafu nyama za paja, kulia, kisha kushoto, kama anagawa zamu. Sasa goti. Mimi nilipigwa mpira wa mdomo nikatema jino pale pale, nikaendelea kucheza. Hawa wa siku hizi hawajui kujikaza kisabuni."

"Usimlinganishe na wewe. Wewe hukuwa na kipaji."

"Nilikuwa na miguu, Mwenyekiti. Miguu miwili, kila wiki, uwanjani. Kipaji kilichoko wodini kitamfunga nani?"

Kioo alicheka. Ndiyo, alicheka, maana Nahodha Mstaafu ana maneno, na kwa sekunde moja alisahau anayesemwa ni yeye. Kisha akakumbuka.

"Angekuwa nani yule mtoto," Mwenyekiti alisema, sauti imeshuka. "Nawaambieni, angekuwa nahodha wa taifa sasa hivi. Watu wangesafiri kuja kumwona."

"Angekuwa," Nahodha Mstaafu alirudia. "Klabu nzima tunaishi kwenye hilo angekuwa. Na nitasema lile ambalo nyinyi mnaogopa kulisema. Yule kijana ni mvivu."

Dada Bandeji alikaza vidole vyake.

"Mtazameni mazoezini," Nahodha aliendelea. "Anafika anapiga miayo. Hatujaanza, yeye ameshachoka. Macho mekundu. Anakesha wapi? Kwenye starehe, wapi kwingine! Mwili usiolala lazima ukatike."

"Mimi sikusema mvivu," Kocha alisema.

Kocha haongei sana, ndiyo maana akiongea husikilizwa.

"Nimesema amekwisha. Nimembadilishia viatu. Nimembadilishia nafasi uwanjani. Nimempa mazoezi mepesi kuliko ya wale watoto wadogo. Mwezi uliopita nilimpumzisha kabisa, asishike hata gongo. Akarudi kwangu goti limevimba. Jamani, mtu anaumia akiwa mapumzikoni! Nifanye nini mimi? Dada yangu ameacha kuja uwanjani, anasema hawezi kumtazama mwanawe akibebwa tena. Nikikutana naye naangalia chini. Kama kuna mtu ana dawa aitoe. Mimi nimeishiwa."

Kumbe hakusema amekwisha kwa dharau. Alisema kama mtu aliyebisha hodi nyumba nzima, mlango mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyefungua. Nilimhukumu vibaya wiki iliyopita na nyinyi mkanifuata.

Kioo alifumba macho. Angalau mjomba anampenda. Liwalo na liwe, wampigie kura, wamwache, aende nyumbani akapumzishe goti lake.

Ndipo kikasikika kikohozi.

Kioo akafumbua macho. Alikijua kile kikohozi. Alikijua tangu utotoni, kikitangulia kuingia mlangoni kila jioni kabla ya mwenyewe.

"Baba yuko humo?" alinong'ona. "Dada, Baba anafanya nini humo?"

"Wamemwita. Si unajua utaratibu wa klabu, mchezaji haachwi mpaka mzazi wake aitwe asikie."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungelala hapo nikikwambia?"

Baba yake Kioo ndiye mtunza uwanja wa klabu ile. Watu wanamwita Mzee wa Maji, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuunywesha uwanja. Wasiocheza hoki wanielewe: zulia lile la kijani linalochezewa humwagiwa maji kabla ya kila mchezo. Likilowa, mpira unateleza kwa kasi. Mzee huyo huwasha pampu, pampu ikanguruma mtaa mzima ukajua leo kuna mechi.

"Naomba kusema," Mzee wa Maji alisema. "Kama inaruhusiwa."

"Sema, Mzee, hapa ni kwako," Mwenyekiti alimkaribisha.

"Nimekaa kimya kwa sababu nimeitwa kusikiliza. Lakini kwamba mwanangu mvivu, hilo siwezi kulipeleka nyumbani." Akakohoa tena. "Mnataka kujua kwa nini anapiga miayo? Nitawaambia. Mtanifukuza kazi, sawa, lakini nitawaambia."

"Hapana," Kioo alinong'ona. "Baba, hapana, hapana."

"Tangu ana miaka kumi na minne, kila alfajiri namfungulia uwanja. Nyinyi mmelala. Mimi na yeye tunaingia kwa mlango wa nyuma. Anakimbia, anageuka, anapiga, anakimbia tena mpaka kunapambazuka. Ndipo anakuja kwenye mazoezi yenu. Mvivu? Hakuna mtu katika klabu hii aliyefanya hata nusu ya mazoezi ya mwanangu!"

"Hata mwezi uliopita?" Kocha aliuliza polepole. "Nilipompumzisha?"

"Hasa mwezi uliopita, shemeji! Wewe ulikuwa umemkatia tamaa. Mimi nikamwambia tukazane."

Mikono ya Dada Bandeji iliganda juu ya mguu wa Kioo. Akauangalia mguu. Akamwangalia mwenye mguu.

"Alfajiri," alisema kwa sauti ya chini kabisa. "Na maji?"

Kioo aligeuza uso ukutani.

"Nakuuliza, maji mnawasha?"

"Pampu inanguruma, Dada. Ikiwashwa mtaa mzima unaamka. Tungekamatwa siku ya kwanza."

"Kwa hiyo mkavu. Miaka yote hii unageuka kwenye zulia kavu."

Wasomaji wangu, hapa msinikimbie, maana ndipo mambo yalipo. Maji yale hayasaidii mpira peke yake. Zulia likilowa, kiatu nacho huteleza kidogo mchezaji anapogeuka. Likiwa kavu, kiatu kinang'ang'ania, mguu unabaki pale pale, na mwili unakwenda zake. Inapojipinda ni kwenye kifundo, au nyonga, au goti.

"Wewe ulijua?" Dada Bandeji aliuliza.

"Nilijua mwaka jana. Siku uliyonikataza kukanyaga pakavu."

"Na ukaendelea! Kioo! Kwa nini hukuacha?"

"Ningemwambiaje?" Machozi yalikuwa yameshafika, na hakuyaficha. "Ule ndio wakati wake, Dada. Kutwa nzima watu wanamtuma, leta ndoo, sogeza goli, fagia pale. Alfajiri anakuja na chai kwenye chupa, anageuza ndoo anaikalia, nikifunga anasimama anashangilia peke yake uwanja mzima. Nimwambie kwamba ananivunja? Wewe ungemwambia baba yako?"

Dada Bandeji alimfuta machozi kwa ncha ya taulo.

"Omba wasiulize kuhusu maji," Kioo alisema. "Yeye hajui. Anajua maji ni ya mpira tu. Omba tu wasiulize."

Upande wa pili kiti kilisogea.

"Shemeji," Kocha aliuliza, "hiyo alfajiri, maji mnawasha?"

"Maji ya nini, shemeji?" Mzee alijibu, tena kwa furaha ya mtu anayeona ameanza kueleweka. "Yuko peke yake, hakuna mashindano. Mpira uteleze uende wapi?"

Hakuna aliyesema kitu.

Hata Nahodha Mstaafu, ambaye hajawahi kukosa neno tangu nimfahamu, alilikosa.

"Mbona mmenyamaza?" Mzee aliuliza. Furaha ilikuwa bado imo kwenye sauti, lakini imeanza kuyumba. "Mwenyekiti? Maji si ni ya mpira? Nilipoajiriwa nilifundishwa hivyo, mwagilia mpira uteleze. Shemeji, nijibu. Si ni ya mpira?"

"Ni ya mpira, shemeji," Kocha alisema. "Na ya miguu pia."

Sitawaelezea uso wa Mzee wa Maji. Kioo hakuuona, na mimi ningekuwa na uwezo nisingeuona.

Wa kwanza kuamka alikuwa Mwenyekiti, na aliamka na shangwe. "Basi tumepata dawa! Jamani, hamwoni? Si mikosi, si uvivu, si mwili mbovu! Ni mazoezi ya pakavu tu. Anaacha, anapona, kwisha habari! Yule mtoto ni mzima!"

"Kama kuna cha kupona kilichobaki," Nahodha Mstaafu alisema, safari hii bila wembe.

"Aulizwe mtaalamu. Dada Bandeji! Hebu njoo mara moja!" Mwenyekiti aliita.

Kocha akagonga ukuta wa mbao. Aligonga mara ya kwanza kwa nguvu, mara ya pili taratibu, na mkono ukabaki pale ukutani. Nadhani ndipo alipokumbuka ukuta ule ulivyo, na nani alikuwa amelala upande wa pili.

"Nisemeje?" Dada Bandeji aliuliza.

"Sema napona."

"Nikisema unapona watakuchezesha Jumamosi. Na ukicheza Jumamosi hutembei."

"Basi usiseme hivyo."

"Nikisema ukweli, baba yako atajua ni yeye. Atakufa nao."

"Basi na hilo usiliseme."

"Kioo, watu wananisubiri. Kuna jambo gani la tatu?"

Kioo hakulijua. Wala Dada Bandeji hakulijua. Alimfunika mguu kwa taulo, akatoka, na Kioo akabaki peke yake na ule ukuta.

Alisikia mlango ukifunguliwa. Alisikia Mwenyekiti akianza, "Dada yetu, swali ni dogo tu." Kisha akasikia baba yake akimkatiza, yeye ambaye hajawahi kumkatiza mtu.

"Niachie niulize mimi, Mwenyekiti. Binti yangu, mambo ya mifupa sikuyasoma. Usinizungushe. Nijibu neno moja tu. Mtoto wangu nimemvunja mimi?"

Mngejibu nini nyinyi? Nimewauliza watu kadhaa tangu niandike sentensi hiyo, na kila mmoja amenitazama kama niliyemkosea adabu.

Dada Bandeji hakujibu.

Ukimya wa mtu anayejua haufanani na ukimya mwingine. Mzee aliuelewa. Kioo alisikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia maishani mwake, na ilimchukua muda kuitambua. Baba yake alikuwa analia.

Hapo akaamka.

Alifungua barafu, akaitupa kwenye sinki. Alifungua bandeji, mzunguko baada ya mzunguko. Goti lilikuwa limejaa kama andazi, akavuta suruali ya mazoezi juu yake. Akashuka kitandani, akakanyaga. Maumivu yalipanda mpaka kwenye meno. Akavuta pumzi, akapiga moyo konde, akafungua mlango.

Aliingia chumba cha kamati akitembea sawasawa, kama mtu aliyetumwa sukari dukani.

"Baba, si wewe."

Wote waligeuka. Mzee wa Maji alikuwa ameinamisha kichwa, kofia yake ameikunja magotini. "Mwanangu, kaa. Mguu huo."

"Mguu hauna kitu."

"Kioo," Dada Bandeji alianza.

"Hauna kitu!" Alisema kwa ukali, kisha akatabasamu. Tabasamu lile lilimpa kazi kubwa kuliko kutembea. "Nimekuwa nikiwasingizia. Kile kifundo cha mwanzo kilikuwa kweli. Hayo mengine yote niliyatunga."

"Umetunga nini?" Mwenyekiti aliuliza.

"Majeraha. Mimi naogopa mpira. Mnamkumbuka yule beki aliyepasuliwa taya mbele yangu? Tangu siku ile naogopa. Mechi kubwa ikikaribia nashika paja, nashika goti. Mtu akisema panauma nani atambishia? Hata Dada Bandeji nimemdanganya, na ule uvimbe wa mwezi uliopita nilijigonga gongo mwenyewe. Alfajiri za Baba hazijaniumiza kitu. Ni woga tu."

"Nilisema mimi!" Nahodha Mstaafu alipiga meza. "Nilisema au sikusema?"

Mwenyekiti alikuwa anamtazama Kioo kama mtu aliyeibiwa ndani ya nyumba yake. Lile bao, mabeki wawili, ukingo wa gongo, kipa anayeuliza, vyote vilimtoka usoni pale pale.

Na Dada Bandeji? Goti lile alikuwa amelishika asubuhi ile. Alijua kila neno ni uongo, na alijua kila uongo ulikuwa kwa ajili ya nani. Aliangalia dirishani.

Baba yake alimwamini.

Kioo aliliona likitokea. Kwanza mabega yalishuka, kama ya mtu aliyetuliwa gunia. Mzee alishusha pumzi ndefu, akafuta macho kwa kofia. Si yeye. Hakumvunja mtoto wake. Kwa muda mfupi Kioo alifurahi kuliko siku ya bao lolote.

Kisha uso wa Mzee ukabadilika.

"Miaka yote hii?"

"Ndiyo, Baba."

"Naamka na baridi. Namdanganya mama yako naenda kuangalia mabomba. Naiweka kazi yangu rehani. Nakaa pale nakushangilia kama mwendawazimu. Na wewe unaigiza?"

"Ndiyo, Baba. Nisamehe."

"Mama yako analia juu yako kila wiki!"

"Najua."

"Usiniite Baba leo."

Iliniuma kuandika hayo, na nimeyaacha jinsi yalivyosemwa.

Wakati wote huo Kocha alikuwa amekaa pembeni, macho yake hayatazami uso wa mpwa wake. Yanatazama suruali, pale kwenye goti, ilipokaza kidogo kuliko upande wa pili.

"Vizuri," alisema hatimaye, akasimama. "Kwa hiyo mguu mzima."

"Mzima, mjomba."

"Basi hatuna haja ya kura. Twende uwanjani sasa hivi. Utakimbia kutoka mstari wa goli mpaka katikati, kwa kasi yako yote. Pale katikati utageuka, urudi. Ukirudi, Jumamosi unaanza, na wateuzi watakuona."

Dada Bandeji aliruka. "Kocha, hapana!"

"Kwa nini hapana, Dada?"

Wote walimgeukia. Kioo naye alimgeukia, na nyuma ya bega lake alikuwepo Mzee wa Maji, macho bado yamelowa, akingoja kusikia kwa nini hapana.

"Kwa sababu," Dada Bandeji alisema. "Kwa sababu hajapasha mwili."

Nahodha Mstaafu alicheka. Ni yeye peke yake.

Niwaambie kitu mimi ninayemjua Kocha. Hakuwa mkatili. Alikuwa anamtega. Aliuona uongo tangu kijana alipofungua mlango, na alitaka kumfikisha mahali ambapo atashindwa kuuendeleza. Alijua hakuna mwenye goti lile atakayethubutu hata kusimama kwenye mstari. Kijana angesita, angekiri, ukweli ungetoka, na mguu ungepona. Hesabu yake ilikuwa nzuri kabisa. Alisahau jambo moja tu, kwamba aliyekuwa anategwa hakuwa anajiokoa yeye.

Walitoka wote nje. Watoto wa shule walikuwa wametoka kucheza muda si mrefu, na zulia bado lilikuwa na unyevu. Kioo alitembea mbele, sawasawa, mpaka kwenye mstari wa goli. Akageuka akasimama, uzito wote ameutupa mguu wa kulia.

Kocha alimfuata mpaka pale, akajifanya anamrekebisha begani.

"Mpwa wangu," alimnong'oneza. "Inatosha. Sema neno moja tu, nikutoe hapa. Nitamweleza mimi baba yako. Nitatafuta namna."

"Namna gani?"

Kocha alianza kuizungusha filimbi vidoleni.

"Puliza filimbi, mjomba."

"Utajiua mguu."

"Puliza tu."

Kocha alirudi nyuma hatua chache. Akaweka filimbi mdomoni. Mwenyekiti aligeuza uso. Dada Bandeji alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, mikono ile ile iliyoshinda asubuhi nzima juu ya goti lile, na sasa haikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Filimbi haikulia. Kocha alivuta pumzi, akaitoa puani. Akavuta tena. Alikuwa amepuliza filimbi ile nusu ya maisha yake, na leo haikutoka hata mluzi.

"Kimbia!"

Sauti haikuwa ya Kocha. Ilitoka pembeni mwa uwanja, ya mtu mwenye hasira, mwenye aibu, mtu ambaye dakika chache zilizopita alikuwa anakufa na sasa alikuwa hai kwa sababu ameamini alichoambiwa.

"Si mzima wewe?" Mzee wa Maji alipaza sauti. "Kimbia basi, nikuone!"

Kioo alimtazama baba yake.

Akakimbia.